Kitambaa Cheupe cha Ama Dolkar

Miaka kumi na minane Burhani anaendesha watalii kutoka Johannesburg, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumrudisha abiria njiani. Mvua ya mawe imempiga, matairi yamempasukia, wazungu wamemfokea, lakini ukishapanda kombi yake ujue utafika. Hivyo ndivyo alivyojisifu kila siku mtaani kwake Troyeville mpaka majirani wakachoka. Sasa sikia alichotaka kumfanyia bikizee wa watu Jumapili moja ya Julai, mwanamume mzima, eti kwa sababu ya kitambaa.

Aliyempigia simu ni Pema, msichana wa Kitibeti anayefanya kazi za kompyuta Rosebank. Bibi yake alikuwa amekuja kumtembelea kutoka India. Jina lake Dolkar, umri wake miaka sabini na mitano, na kila mtu humwita Ama, yaani mama. Alitoka Tibet akiwa na miaka tisa, kwa miguu, akakatiza milima ambayo ndege wenyewe huiogopa, na tangu hapo hakuwahi kuona theluji tena. Kambi waliyopewa wakimbizi wenzake iko kusini mwa India, kwenye joto na mashamba ya mahindi. Alipotaka kwenda kwenye milima ya kaskazini, daktari akakataa katakata: presha, moyo, asizidi mita elfu mbili na mia sita.

"Kuna barabara huku inayofika kwenye theluji bila kuzidi hapo?" Pema akauliza.

"Ipo," Burhani akasema. Aliijua vizuri barabara ya juu ya QwaQwa inayoishia chini ya mwamba wa Sentinel, na theluji ilikuwa imeanguka huko wiki ileile.

"Jumanne anarudi India. Ana jambo la kumfanyia mama yake huko juu, na asipolifanya safari hii halitafanyika tena."

"Atafika, dada. Sharp."

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kombi ilikuwa mlangoni kwao. Ama Dolkar akatoka wa kwanza, kafupi, kamenyooka, gauni refu jeusi na aproni ya mistari ya rangi kiunoni, tasbihi mkononi. Pema alikuwa bado ndani anatafuta chupa ya chai. Bibi akasimama mbele ya Burhani, akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa. Akakikung'uta, akainama, kisha kwa mikono miwili akamvisha shingoni. Akatabasamu, akapanda gari. Basi.

Burhani akasimama pale jasho linamtoka, na baridi yote ile ya Julai.

Usimcheke bado. Burhani ni Mrundi, mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu na Waswahili wa Bujumbura. Kule kwao kikongwe anayetembea na kitambaa cheupe kisichoshonwa ana maana moja tu. Bibi yake mwenyewe alikuwa na sanda yake aliyoletewa kutoka Maka, kaihifadhi sandukuni pamoja na marashi na pamba, na kila alipofunga safari ya mbali alimkabidhi mtu anayemwamini: nikifia njiani, mnivike hii. Kwa hiyo Burhani hakuwa na shaka hata chembe. Bikizee huyu anapanda mlimani kufa, na amemchagua yeye wa kumshikia sanda.

Kilichomchoma zaidi ni jambo lake mwenyewe. Mama yake, Mwamvua, alifariki Buyenzi miaka sita iliyopita. Karatasi ya ukimbizi haikuruhusu kurudi ulikokimbia, kwa hiyo sanda ililetwa na jirani, na walioingia kaburini kumpokea walikuwa majirani. Mwana wa pekee alikuwa Johannesburg, amesimama kwenye roboti ya Bertrams, taa imeshawaka kijani, simu sikioni, magari yanampigia honi. Tangu siku hiyo hakuweza hata kupita kwenye duka la vitambaa vyeupe. Akakivua kile cha Ama upesi, akakiviringisha, akakisokomeza chini ya kiti pamoja na jeki.

Njiani alikuwa akimchungulia bibi kwenye kioo kila dakika. Ama alikuwa anasogeza tasbihi kwa vidole, midomo inachezacheza. Heidelberg ikapita, Villiers ikapita, midomo haijatulia. Halafu akatoa kidonge, akakimeza. Burhani akasema moyoni, haya, tumekwisha. Harrismith wakasimama kujaza mafuta, naye akazunguka nyuma ya choo kumpigia simu mkewe, Kidawa wa Tanga, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Kidawa, bibi kanipa sanda yake!"

"Toba! Mzima?"

"Mzima, lakini anaomba tangu Joburg. Na anameza dawa."

"Wewe Burhani una wazimu? Maiti ya mtu wa watu, mlimani, na karatasi zako hizo? Utawaambia nini polisi? Mrudishe!"

"Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie barabara imefungwa. Theluji si ipo? Kwani atakwenda kuuliza nani?"

Burhani akarudi kwenye usukani na uongo wake mfukoni, ila hakuutoa palepale. Ukweli ni kwamba alishindwa, maana walipoiacha barabara kuu na milima kuanza kuinuka mbele yao, yule bibi aliyekuwa anaomba akawa mtu mwingine kabisa. Alijisogeza kwenye kiti cha mbele, mikono yote miwili juu ya dashibodi, macho yamemtoka. Milima ya QwaQwa ilikuwa imesimama safu kwa safu, ya manjano chini, ya buluu katikati, na juu kabisa weupe mtupu. Burhani ameiona mara mia. Siku hiyo aliiona kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake na mgeni, akagundua kwamba ni nzuri.

Ama akawa ndiye mwongozaji. Kila alichokiona alikieleza, na Pema akatafsiri kwa Kiingereza huku anacheka. Kwao, alisema, mlima una jina na heshima kama mkubwa wa ukoo, na mtu haupandi kuushinda, anaomba njia apite. Ukifika juu ya kilele cha barabara unaongeza jiwe lako kwenye rundo, unapiga kelele kwa nguvu zako zote, kwa sababu umefika na hewa bado unayo. Farasi, ng'ombe wenye manyoya marefu, mahema meusi, wanawake waliovaa vito vya kaharabu na feruzi hata wakienda kukamua maziwa. Burhani alisikiliza mpaka akasahau kubadili gia. Watu gani hawa, jamani! Wamefukuzwa kwao na bado wanatembea na milima yao mdomoni.

Karibu na Phuthaditjhaba wakampita Msotho juu ya farasi, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Ama akapiga ukelele, simamisha! Akashuka, akaenda kumsalimia yule mzee kwa viganja viwili. Yule naye akavua kofia. Hawakuwa na lugha hata moja baina yao, lakini bibi alishika pindo la blanketi, mzee akashika pindo la aproni, wakasuguasugua sufi kwa vidole, wakatikisa vichwa, wakaelewana kabisa. Burhani aliwatazama. Ndipo alipozidi kuogopa, kwa sababu sasa alikuwa amempenda, na hakutaka huyu afe mikononi mwake.

Mwanzo wa kupanda mlima akaegesha pembeni, akajifanya anasoma simu. "Eish. Samahani sana," akasema. "Wamefunga barabara huko juu. Theluji imezidi. Tutarudi."

Pema akatafsiri. Afadhali bibi angemtukana. Ama aliitazama tu ile theluji, akatoa mkobani kifurushi cha bendera ndogo za rangi tano zilizoshonwa kwenye kamba moja, akaziweka mapajani, akaanza kuzikunja upya, moja moja, taratibu. Kisha akasema jambo.

"Anasema basi tunywe chai hapahapa," Pema akasema. "Anasema dereva amechoka."

Chai yenyewe ilikuwa ya chumvi na siagi. Burhani alipoionja macho yalimtoka, lakini yeye kalelewa Buyenzi, na huko ukiacha kitu kikombeni umemtukana mwenye nyumba. Akaimaliza yote. Ama akamjazia. Akamaliza tena. Akamjazia. Kikombe cha tano tumbo lilikuwa linacheza ngoma, na bibi, macho yake yakilengwalengwa na machozi, akaanza kumtazama kwa mshangao.

"Kaka Burhani," Pema akasema, "kwetu mwenyeji hujaza kila anapoona kikombe kimepungua. Ukitosheka unakiacha kimejaa."

"Si ungesema mapema, dada!"

Ama akacheka kidogo, akajifuta macho. Halafu akaeleza lile jambo lililomleta. Walipokuwa wanakimbia, mama yake alikuwa amembeba mgongoni kwenye theluji ya mwisho, na miguu ya mama ilikuwa imeganda. Wakavuka kilele, wakaanza kushuka, mama akakaa chini kupumzika, hakuinuka tena. Wenzao walikuwa na haraka. Wakamfunika kwa mawe machache, wakamshika mtoto mkono, wakaondoka. Hapakuwa na sala, hapakuwa na bendera, wala kitambaa cheupe cha kumuaga. Miaka sitini na sita Ama amekuwa akisubiri kufika kwenye theluji yoyote, ya nchi yoyote, aifanye ile heshima.

Burhani akainamisha kichwa. Maneno aliyatafsiri Pema, ila uchungu huo aliujua mwenyewe.

Ama akagusa kioo cha ndani cha gari, akauliza kitu.

"Anauliza khata yake iko wapi," Pema akasema. "Kile kitambaa cheupe alichokuvisha. Kwetu dereva hukining'iniza hapo kwenye kioo."

"Ile sanda yake?" likamtoka.

"Sanda?"

Ikabidi aseme yote: sandukuni mwa bibi yake, Maka, marashi, nikifia njiani. Pema alimsikiliza mdomo wazi, akatafsiri, na Ama akasikiliza mpaka mwisho. Halafu kikongwe akaangua kicheko mpaka akashika mbavu, akampiga Burhani bega kofi zito.

"Anasema hana mpango wa kufa mpaka aone harusi yangu," Pema akasema, naye anacheka. "Hiyo ni heshima, kaka. Anavishwa mgeni, anavishwa bibi harusi, anavishwa anayeanza safari. Asubuhi alikuwa anakuombea wewe. Njia nzima alikuwa anakuombea wewe, kwa sababu umeshika usukani."

Burhani alitamani gari limmeze, na aibu ilikuwa bado haijaisha, maana uongo mkubwa ulikuwa umebaki. Angeweza kunyamaza, wangerudi, na asingejulikana milele. Akavuta pumzi.

"Dada, mwambie Ama anisamehe. Barabara haijafungwa. Nimedanganya. Niliogopa atanifia."

Kicheko cha Pema kikakatika. Akamkazia macho hasa, na alikuwa na haki. Kisha akatafsiri, neno kwa neno, bila kumpunguzia. Ama akamwaga chai iliyobaki kikombeni, akafunga mkanda wake wa kiti, akanyoosha kidole juu.

"Anasema, endesha," Pema akasema.

Akaendesha. Wallahi hakuwahi kuendesha vile. Njia ya mwisho ni ya changarawe na mashimo, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine huoni chini, na Burhani aliipanda polepole kama mtu aliyebeba yai kichwani. Walipotokea juu, mwamba wa Sentinel ulikuwa umesimama juu yao, mweusi na mkubwa, umefunikwa theluji mabegani, mbingu ya buluu nyuma yake. Burhani akasema Allahu Akbar bila kujua kama amesema. Ama Dolkar akashuka, akachota theluji kwa viganja, akaitia mdomoni kama mtoto.

Palikuwa na rundo la mawe pembeni ya njia. Ama akaongeza lake, akalizunguka mara tatu kwa kulia, Pema akamshika mkono. Wakafunga kamba ya bendera kutoka kwenye mawe mpaka kwenye nguzo ya uzio, upepo ukazidaka zote kwa pamoja. Bibi akatoa khata nyingine, akaifunga mwishoni mwa kamba, akasema neno moja kwa sauti ya chini. Pema akageuka ghafla.

"Hilo ni jina la mama yake," akamnong'oneza Burhani. "Sijawahi kulisikia."

Kisha Ama akainua mikono, akapiga ukelele ambao mwili ule mdogo sijui uliutoa wapi, na mlima ukamjibu.

Burhani akarudi kwenye kombi. Akapiga magoti, akapapasa chini ya kiti, akakitoa kile kitambaa kutoka kwenye jeki. Kilikuwa na doa la grisi pembeni. Akakinyoosha gotini, akakipangusa, akakibeba kwa mikono miwili kama alivyobebewa asubuhi, akasimama mbele ya Ama.

"Muulize kama ninaruhusiwa kukiacha hapa," akamwambia Pema. "Kwa mama yangu. Sikuwepo."

Ama hakusubiri tafsiri. Akasogea pembeni, akamwachia nafasi kwenye kamba.

Burhani akafunga fundo la kwanza, likafunguka. Akafunga tena, akalikaza. Akaisoma Fatiha yote, polepole, uso kwenye upepo, na machozi hakuyafuta. Kitambaa kikajaa upepo, kikanyooka, cheupe juu ya weupe.

"Mama," akasema, "hiki nimekileta mimi mwenyewe."