Njoo Keshokutwa, Baba

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku kwa sababu haishi kuimba. Akifua anaimba, akimenya vitunguu anaimba huku machozi yanamtoka, na akikosa wimbo anaimba hata tangazo la redioni. Kwa hiyo Alhamisi ile alipopiga pasi blauzi zake za kazini kimya kimya, nilijua kuna jambo.

Sikumuuliza. Huyu ukimchokonoa anajifunga kama konokono. Nilikaa kitandani nikawa nakunja nguo alizokwisha kunyoosha, nikangoja.

"Bibi," akasema mwishowe, "mtu akikuamini, na wewe unajua hustahili, unafanyaje?"

"Kama ni mchumba, mwambie mapema akatafute mwingine."

"Si mchumba. Ni mzee, meno yake yenyewe ya kuhesabu."

"Basi hapo nimeshusha pumzi."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Akaisimamisha pasi, akanieleza.

Chiriku ni karani msaidizi katika idara ya masoko ya halmashauri ya jiji, chumba cha kwanza ukimaliza kupanda ngazi. Msaidizi maana yake ni wa chini ya wote. Anapokea wageni, anatoa fotokopi, anapeleka mafaili kwa mkuu wa idara na kuyarudisha, anamwagilia ua la dirishani, na simu ikilia ni yeye. Iko kazi nyingine ambayo haimo kwenye mkataba wake: kuwapa watu majibu mabaya. Majibu mazuri mkuu wa idara huyatoa mwenyewe, kwa kupeana mkono. Mabaya huteremka mpaka kwenye meza ya Chiriku.

Na siku hizo mabaya yalikuwa mengi. Soko la zamani linabomolewa mwisho wa mwezi. Wenye vyumba wamepata nafasi kwenye jengo jipya, lakini waliokuwa wakifanya kazi kwenye korido na chini ya ngazi, wengi wao wamekataliwa. Aliyekataliwa hakuachwa hivi hivi. Angeweza kuomba meza kwenye soko dogo ng'ambo ya stendi. Meza hizo zinagawiwa na ofisi nyingine, na anayewahi ndiye anayepata.

Mmoja wa waliokataliwa ni fundi funguo. Mashine yake iko chini ya ngazi za soko tangu Chiriku hajazaliwa.

"Jibu lake nilikuwa nalo mezani alipoingia mara ya kwanza," Chiriku akasema. "Akavua kofia mlangoni, Bibi. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza, 'Umekula, mwanangu?' Tangu nianze kazi pale hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Wanauliza mkuu yuko wapi. Basi nikashindwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado linashughulikiwa. Njoo keshokutwa, baba."

Keshokutwa akaja. Akaambiwa tena keshokutwa. Safari ya tatu, akiwa kwenye benchi, alimwona Chiriku akivutana na kabati la mafaili. Kabati hilo lina kitasa kinachokwama, na ofisi nzima hulifungua kwa teke. Mzee akainuka, akatoa tupa na bisibisi mfukoni mwa koti, akapiga magoti pale sakafuni. Alipomaliza, ufunguo ulizunguka kama unazunguka kwenye siagi.

Wanaye karani mmoja mtu mzima, anayekaa na mihuri ya idara, wenyewe wanamwita Mama Mihuri. Akacheka. "Baba mkwe leo kaja na zana. Mwambie na meza yangu inacheza."

Mzee akaitengeneza na meza.

Alipoondoka, Mama Mihuri akaacha kucheka. "Mwambie yule mzee," akasema. "Muhuri ukishagongwa haubembelezwi."

"Sasa nitamwambiaje, Bibi?" Chiriku akaniuliza. "Kila nikifungua lile kabati namkumbuka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: kesho asubuhi, kabla hujakaa kitini, mfuate umwambie. Maneno yalikuwa rahisi. Lakini mimi ndiye niliyemlea, na katika nyumba yetu mtu mzima haambiwi hapana usoni. Jirani akija kuazima sufuria ambayo hatutaki itoke, tunamwambia tutaona. Haendi na sufuria, lakini haendi na aibu. Mimi huo ndio wema ninaoujua.

"Kesho ni Ijumaa," nikamwambia. "Usimharibie mzee wa watu mapumziko yake. Jumatatu, akiwa amekaa, utamwambia taratibu."

Alishusha mabega. Akashika pasi, na kabla hajamaliza blauzi ya mwisho nikamsikia anaimba. Nililala nimeridhika, nikijiona nimesaidia.

Jumatatu alirudi wakati wa chakula cha mchana, jambo ambalo hafanyi. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Meza za ng'ambo ya stendi zimeisha," akasema. "Ijumaa mchana. Nimepiga simu ile ofisi nyingine leo, nikitaka nikimwambia baya nimpe na zuri. Wamesema hata moja haikubaki."

Nilikaa chini kwanza. Halafu nikavaa viatu. "Twende," nikamwambia. "Hili hutalisema peke yako."

Tulimkuta chini ya ngazi, funguo zimening'inia kwenye misumari nyuma yake, watu wakipanda na kushuka juu ya kichwa chake. Aliponiona aliinuka upesi, akafuta kigoda chake kwa mkono wa koti, akanipa. Yeye akasimama. Nikakaa kwenye kigoda cha mtu tuliyemdhulumu, na kilikuwa bado kina joto lake.

"Bibi yako huyu?" akamuuliza Chiriku. "Mnafanana macho. Umekula, mwanangu?"

"Baba, ombi lako lilikataliwa."

Alikuwa ameshika ufunguo nusu umechongwa. Aliuangalia, akaugeuza.

"Lini?"

"Kabla hujaja mara ya kwanza."

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo."

"Na siku ya kabati?"

"Na siku ya kabati, baba."

Msichana mmoja akafika kuulizia ufunguo wake. Mzee akawasha mashine, akaumalizia, akaupuliza vumbi, akaulinganisha na ule wa zamani kwenye mwanga, akampa. "Ukigoma urudi," akamwambia. Halafu akakumbuka kwamba hapatakuwa na pa kurudi. Nilimwona akikumbuka. Akazima mashine.

"Kule ng'ambo ya stendi je?"

"Zimeisha. Ijumaa."

"Ijumaa." Alitikisa kichwa polepole. "Ijumaa walinipitia wenzangu hapa. Wakaniita, mzee twende tukapange foleni. Nikawacheka. Nikawaambia kimbieni nyinyi, mimi nina mwanangu pale ofisini. Ingekuwa hapana, angeniambia."

Chiriku aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye viatu. Nikasema, "Kaka yangu, usimbebeshe yeye peke yake. Alhamisi alinieleza. Mimi ndiye niliyemwambia angoje, upumzike kwanza."

"Ah," akasema. "Basi nilipumzika vizuri."

Hakulisema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningejua pa kuiweka.

"Mwanangu," akamwambia Chiriku, "ungeniambia siku ile ya kwanza ningekasirika. Pengine ningekutolea maneno, maana mdomo wangu nao naujua. Halafu ningeshuka zile ngazi zenu nikavuka stendi."

Akampa kitambaa cha kujifutia machozi. Kilikuwa kile anachofutia funguo, akakitazama, akakigeuza upande usio na mafuta kwanza.

Nikatafuta la kufanya. "Nyumba yangu ina baraza," nikasema. "Iko barabarani kabisa, upande mmoja una kivuli mpaka jioni. Lete mashine yako, kaka. Hutadaiwa kitu. Watu wanapita pale mchana kutwa."

Alinitazama kwa upole sana. Alinipa mkono kuniinua kwenye kigoda, akaniuliza kama magoti yananisumbua.

"Ahsante, dada yangu," akasema. "Tutaona."

Chiriku alinishika mkono kuvuka barabara, akasahau kuuachia.

Kesho yake alikuja pale ofisini mama mmoja anayeuza nyuzi na vifungo kwenye korido ya soko. Ombi lake nalo limekataliwa. Chiriku aliniambia alisimama, akamwamkia, akamwambia: "Mama, jibu ni hapana. Nafasi za ng'ambo nazo zimeisha, lakini soko la kule mwisho wa mabasi wanaanza kuandikisha leo." Mama akawaka. Akamwita mtoto asiye na adabu, asiyejua kusema na wakubwa, akauliza amelelewa na nani. Akatoka anasonya.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Sikumjibu. Ilikuwa bado asubuhi, Bibi. Anao muda wa kufika."

Ofisi ilipofungwa Chiriku alipitia sokoni, akamwambie na fundi habari za kule mwisho wa mabasi. Chini ya ngazi palikuwa na misumari mitupu. Wenzake walisema amehama tangu jana jioni. Hakuaga wala hakusema anakwenda wapi.

Chiriku anaimba tena, ila si wakati wa kupiga pasi. Mimi kila asubuhi nafagia baraza. Vyungu vyangu vya maua nimevisogeza juani, ule upande wa kivuli nimeuacha wazi. Jirani ameniuliza namtarajia nani. Nimemwambia fundi funguo. Akaniuliza, kasema atakuja lini?

Nikamwambia alivyosema: tutaona. Jirani yangu ni mtu mwema, alinyamaza.