Makohozi ya Bi Zubeida

Faraj alijivunia usafi wake, wala hakuficha. Katika maabara ya zahanati ya kifua, upande wa Ganjoni, chupa zake zilisimama kwa mstari, na aliyezisogeza aliyasikia maneno yake. Kila Jumatatu alinunua trei mbili za mayai sokoni, akayavunja, akayachanganya na chumvi na rangi ya kijani, akayapika kwa mvuke mpaka yakashikana ndani ya vichupa. Hicho ndicho chakula akipendacho kijidudu cha kifua kikuu. Kwao Mji wa Kale walimtania kwamba watu wamekosa yai la kuwapa watoto wao, naye Faraj anawakirimu maradhi. Alicheka nao, akaenda zake kazini.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Makohozi ya mgonjwa huoshwa kwa dawa kali ya kuua vijidudu vingine, yakapandwa juu ya yai, kisha mtu akangoja wiki nane, kwa sababu kijidudu cha kifua kikuu ni kivivu sana. Ukungu ndio usiojua kungoja. Masika yakiingia na kuta zikaanza kutoa jasho, huota kwenye viatu, kwenye majalada ya vitabu, na kwenye chupa za Faraj. Naye hakuwa na huruma nao. Akiona unyoya wa kijivu juu ya yai, chupa ilikwenda kwenye pipa la kuchomea, na daftarini aliandika neno moja: "Imechafuka."

Juni ya mwaka wa sitini na sita alikuwa akiliandika neno hilo mbele ya nambari 412 wakati Daktari Joab aliposimama mlangoni.

"Faraj, jibu la huyu mama wa 412 liko wapi? Nampiga sindano tangu Januari na sijui nampigia nini."

"Imechafuka, daktari."

"Tena?"

Faraj alirudisha kurasa nyuma. Februari, imechafuka. Aprili, imechafuka. Na wiki zile zile, kwenye rafu ile ile, chupa thelathini na kitu za wagonjwa wengine zilikuwa safi. Mara zote tatu alikuwa amesema moyoni kwamba uchafu umetoka nyumbani kwa mgonjwa. Hakuwahi kujiuliza kwa nini umtoke huyo huyo mmoja. Sasa alijiuliza, na alilolifikiria halikumpendeza hata kidogo.

Mgonjwa mwenyewe alimjua, na nani asiyemjua? Alikuwa Bi Zubeida, mjane, nyumba yake kichochoro cha tatu nyuma ya Biashara Street. Aliwahi kuugua kifua kikuu, akatibiwa miezi kumi na minane, na mwaka wa sitini na tatu akaandikiwa kwamba amepona. Kijidudu kilimwachia tundu pafuni, kiasi cha ndimu. Januari hii alikohoa damu, na daktari, kwa kukosa jibu la maabara, akamrudisha kwenye sindano za streptomisini kwa tahadhari.

Mji mzima ulijua na la zaidi. Mona, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa saba. Mimba ya kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama, na mama ndiye humuuguza mwanawe siku arubaini: humkanda, humpikia uji wa pilipili manga, humuoshea mtoto. Lakini Bi Mwanaesha, mama wa mumewe Mona, alikuwa amesema neno lake. Maadamu haijulikani Bi Zubeida anakohoa nini, Mona hatatia mguu nyumba ile, wala mtoto. Na haikujulikana kwa sababu chupa zilikuwa zikitupwa.

Jioni ile ile Faraj alikwenda na chupa iliyochemshwa, akaketi barazani mwa Bi Zubeida, mlango wazi.

"Shikamoo, Bi Zubeida."

Bibi alimtazama mdomo. "Marahaba, mwanangu. Nena kwa sauti. Tangu sindano hizi, masikio yangu yavuma mchana kutwa."

Faraj alipandisha sauti. Alimweleza kwamba makohozi anayoyapeleka yanalala nyumbani usiku kucha, na yeye anayataka ya moto, sasa hivi, mbele yake.

"Nikutemee wewe?" Bi Zubeida alijifunika ushungi mpaka puani. "Wewe mwana wa Athmani, niliyekuona uchi ukioga mvuani? Wallahi siwezi."

"Nitageuka, mama."

Akageuka, akautazama ukuta. Kwanza alisikia kicheko, halafu kikohozi kirefu kilichomtia uchungu, maana kilikuwa cha mtu aliyezoea kukohoa kwa kujificha. Alipopewa chupa, aliacha wazi chumbani, muda wa saa moja, chombo cha chakula cha vijidudu kisichopandwa kitu, ili ajue ukungu wa nyumba ile ni upi. Kisha akaparamia baiskeli.

Siku ya tatu jibu la kwanza lilikuwa mezani. Chombo kilichoachwa wazi kiliota madoa mawili matatu, meusi na meupe. Makohozi yaliota ukungu wa kijani-kijivu, ule ule wa Februari, wa Aprili na wa Juni. Haukutoka ukutani. Ulikuwa ukiishi kifuani mwa Bi Zubeida.

Wala haukuwa peke yake. Kwenye sahani ya pili, ya chakula cha kawaida, bakteria waliota pia, wa rangi ya kijani, wenye harufu tamu inayokirihisha. Ukungu ulikuwa umeenea mpaka karibu nao, ukasimama. Katikati palikuwa na ukanda mtupu, upana wa kidole, ambao hakuna aliyeuvuka. Faraj alipanda sahani nyingine ya ukungu na bakteria hao, na karibu na bakteria akaweka kikaratasi kilicholoweshwa streptomisini. Kesho yake, kukizunguka kikaratasi, bakteria hawakuwapo. Baada ya siku mbili ukungu ulikuwa umepanda juu ya kikaratasi chenyewe.

Daktari Joab aliigeuza sahani ile mwangani. Aliagiza Bi Zubeida apigwe picha mbili za kifua, moja amesimama, moja amelalia ubavu. Ndani ya lile tundu palionekana donge, na juu yake hewa kama mwezi mwandamo. Alipolala ubavu, donge lilibingirika.

"Kifua kikuu kilichimba shimo kikaondoka," daktari alisema. "Ukungu ukaingia ukafanya makazi. Hawa bakteria nao wamo, na inaelekea walikuwa wakiubana kidogo. Sindano zetu ukungu hazikuugusa. Huenda zimeufagilia njia."

"Na unaambukiza?"

"Hauambukizi mtu. Sindano tunaacha leo. Lakini sitaandika barua mpaka chupa zitimize wiki nane bila kifua kikuu. Damu ikizidi, itabidi apasuliwe. Isipozidi, ataishi na donge lake." Alipofika mlangoni aligeuka. "Habari ya daftari si lazima umwambie mama huyu, Faraj. Ni makosa ya kawaida kazini."

Faraj alishukuru, na kwa wiki nane hakulala vizuri. Miezi mitano mtu alikuwa amepigwa sindano zisizomfaa, zimemla masikio, kwa sababu ya neno moja alilokuwa akiliandika bila kufikiri. Safari hii aliyaosha makohozi mara mbili zaidi, akaongeza dawa ya kuuzuia ukungu, na kila asubuhi aliinua chupa mwangani kabla hata ya kuvaa koti la kazi. Mwezi wa nane wa mimba ulipita. Mwisho wa Agosti chupa zilikuwa bado hazijaota kitu, yai kijani safi, na daktari akaandika barua.

Faraj alipoipeleka, alimkuta Bi Mwanaesha nyumbani kwa Bi Zubeida. Alikuwa amekuja kuchukua nguo za mtoto ambazo Bi Zubeida alizishona mwenyewe, azipeleke kwake, maana siku za Mona zilikuwa zimewadia. Kifurushi kilikuwa kimefungwa tayari mapajani mwake. Faraj aliwasomea barua kwa sauti. Bi Zubeida aliweka mikono yake miwili kifuani. Bi Mwanaesha alitikisa kichwa.

"Karatasi ni karatasi, mwanangu. Mwaka wa sitini na tatu waliandika pia kwamba amepona. Leo waandika hivi, kesho mtasema mlikosea, na mjukuu wangu keshapata."

Lilikuwa neno la haki, na Faraj hakuwa na la kulijibu ila moja. Aliinama karibu na Bi Zubeida, akalisema polepole.

"Sema kwa sauti, mwanangu," Bi Zubeida alisema.

Alirudia, juu kidogo.

"Sisikii."

Faraj aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Dirisha la juu ng'ambo ya kichochoro, kwa Bimdogo, jirani asiyekaa na habari, lilikuwa limeshafunguka. Akavuta pumzi.

"Nimesema makosa ni yangu!" alipaza sauti. "Mara tatu makohozi yako yalisema kweli, na mara tatu nikayatupa! Nikaandika yamechafuka! Ungelikuwa umeacha sindano tangu masika! Kifua kikuu huna, mama, na masikio yako nimeyaharibu mimi!"

Mpita njia mmoja alisimama, kisha akaona haya akaendelea. Bi Mwanaesha alimtazama Faraj, machozi yakimtiririka kijana wa watu bila kujifuta, akakifungua kifurushi taratibu, akakirudisha miguuni mwa Bi Zubeida.

"Mona atakuya kesho," alisema.

Bi Zubeida alimpapasa Faraj begani. "Naliyaona mdomoni mwako tangu la kwanza. Nalitaka Bimdogo asikie, anipunguzie kazi ya kueleza." Akacheka, akakohoa, akajifuta kwa leso. "Nimekusamehe. Mungu naye akusamehe. Lakini nambiya jambo moya, wewe uliyesoma. Mtoto akilia usiku, na mamake amelala kwa uchovu, mimi nitayuaje?"

Bi Zubeida alikuwa akikunja kikanzu kidogo alichokitoa kifurushini, na sasa ndipo uso ulipomvunjika.

Bi Mwanaesha alivua buibui lake, akalitundika msumarini, akakaa karibu naye mpaka mabega yakagusana, akangoja mpaka amtazame mdomo.

"Nitalala hapa nawe siku zote arubaini," alisema. "Akilia, nitakugusa."