Kundi la Komite

Huko Lusangi mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kilima, kando ya kichuguu. Subira alikuwa hapo na simu yake tangu asubuhi. Jirani yake Odile alimpandishia kiti na kipande cha muhogo wa kuchoma, kisha akaanza kumsomea, maana macho ya Subira hayakuziweza tena herufi ndogo.

Ilikuwa siku ya tatu tangu shimo la dhahabu liporomoke huko Salamabila, na mwanawe Zacharie yumo ndani.

Kwenye WhatsApp kulikuwa na makundi mawili. Katika la wazi, kila mtu aliandika alilotaka. Subira alikuwa ametuma sauti yake humo, akiwaomba wachimbaji wamfukue mwanawe. Mmoja alijibu kwamba chini kulisikika mtu akigonga. Mwingine alisema Zacharie ameonekana Kasongo, anakunywa pombe. Wa tatu akaandika kwamba mama huyo ni mlozi, amemtoa mwanawe kafara ili shimo lizae dhahabu. Katikati ya hayo mtu alikuwa anauza mbuzi. Hakuna aliyechukua sepeto.

Kundi la pili lilikuwa la komite ya mashimo, wale wanaosimamia machimbo. Zacharie alimwingiza mama yake humo ili ajue siku za kazi. Sekreteri wa komite, Isidore, peke yake ndiye aliyeweza kuandika humo, na alichoandika timu zote zilikifuata.

Kasimu, dereva wa pikipiki, akampeleka Subira kwa Isidore huko Salamabila bila kumdai kitu. Isidore alimpokea vizuri. Alikifuta kiti vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, akampa maji.

"Andika maneno mbili tu, baba," Subira akasema. "Waende kuchimba. Walisikia mutu anagonga."

"Nani alisema?"

"Iko kwa grupu ya wote."

"Mama, mule walisema pia wewe uko mulozi. Ile ya kugonga unaamini, ile ya bulozi unakataa?"

Subira akaitazama bilauri ya maji.

"Basi fungua yenu, niseme mwenyewe."

"Nikifungulia wewe, kila mama atakuja na mutoto wake."

Alisema hivyo kwa upole, akamshika kiwiko hadi mlangoni.

Subira na Kasimu walikuwa bado barabarani wakirudi, karibu na Salamabila, simu ilipolia. Kasimu akasimamisha pikipiki, akamsomea ujumbe wa Isidore kwenye kundi la komite: hali ni shwari, habari za kuporomoka ni uvumi, kesho shimo litafukiwa kwa usalama wa wote. Chini yake watu themanini na mmoja walikuwa wameweka dole gumba la kukubali. Mmoja wao alikuwa Chadrack, aliyechimba pamoja na Zacharie na kula nyumbani kwa Subira.

"Kuandika hawaturuhusu," Kasimu akasema. "Lakini kapicha unaweza kuweka. Weka ule uso unaolia, mama."

Subira akabonyeza. Kidole chake, kigumu na kilichopasuka kwa jembe, kikaangukia pembeni. Hesabu ikapanda: madole gumba themanini na mawili.

Kasimu akachukua simu ili aliondoe lile la Subira. Mtandao ulikuwa umekwisha kukatika.