Maziwa ya Jacinta

Custódia Brum alipanda boti ya asubuhi kwenda Angra, kisiwa cha jirani, akiwa na jibu tayari. Alichokuwa anakifuata huko ni karatasi tu ya kulithibitisha. Ndivyo alivyoumbwa. Miaka thelathini na tisa nyuma ya dirisha la posta ilikuwa imemzoesha mwandiko wa kila aina, wa walevi, wa wajane, wa wana wa kisiwa waliotuma barua za penseli kutoka mazizi ya Kalifornia, na hapakuwa na herufi iliyowahi kumshinda. Mwandiko wa padri aliyekufa zamani, wa kitabu cha ubatizo, ungemtisha kwa lipi?

Jibu lenyewe lilijulikana na kijiji kizima cha Ribeira Funda. Bibi yake, Perpétua, alikuwa mtoto wa kuokotwa. Mwaka 1866 mtu alimweka kwenye gurudumu la mji wa kisiwani kwao, lile pipa la mbao lililojengewa ukutani ili walio ndani wapokee watoto wa kutupwa bila kumwona aliyewaleta. Mama aliyelemewa na aibu alikiweka kitoto upande wa nje, akalizungusha, akavuta kengele, akatokomea kabla hajaonwa uso. Lakini Perpétua alifika amefungwa kitani kilichodariziwa, na watu walisema nyumba yenye kitani kama kile ilikuwa moja tu, ya Kapteni Silveira, mwenye mabinti watatu na lango refu. Basi, kesi ikaisha. Kitani kile kiliwekwa ndani ya fremu ya kioo kikatundikwa sebuleni, na Leonilde, mama yake Custódia, akatembea chini yake na shingo ndefu hadi alipofika miaka tisini.

Sasa moyo wa Leonilde ulikuwa umechoka, daktari alishasema, na mwenyewe hakulilia kufa. Alichogombania ni mahali pa kulala. Kaburi lao lilikuwa na watu wawili: Perpétua, na Jacinta Úrsula, yule mwanamke aliyepewa Perpétua amnyonyeshe na kumlea kwa ujira.

"Mimi silali na yaya," alisema Leonilde kutoka kitandani. "Nina watu wangu. Kaniletee karatasi, umpe padri, wanifungulie kaburi la kapteni. Wa mwisho wao yuko Amerika, hata hatajua."

"Na bibi Perpétua je? Si amelala hapohapo na Jacinta?"

"Yeye hakuwa na mtoto aliyesoma wa kumhangaikia. Mimi ninaye. Nenda, we mtoto, usinichoshe."

Huyo mtoto alikuwa na miaka sitini na mitatu na wajukuu watano. Akaenda.

Chumba cha kumbukumbu kilitunzwa na Bwana Belarmino, mtu mwembamba wa fulana ya sufi aliyebeba vitabu vya makanisa kama anayebeba mayai. Alimsikiliza Custódia mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Kapteni tena."

"Tena kivipi?"

"Bi Custódia, kila anayetokana na gurudumu huja hapa kumtafuta kapteni. Sijapata hata mmoja aliyekuja kutafuta mchunga ng'ombe."

"Wale walikuja na ndoto. Mimi nimekuja na kitani. Lete kitabu."

Kitabu kililetwa. Custódia alivaa miwani, akapita Januari, akaingia Februari, na kabla kahawa ya Bwana Belarmino haijapoa alikuwa ameshampata. Perpétua, binti wa wazazi wasiojulikana, aliyeachwa kwenye gurudumu alfajiri, siku ya pili tangu kuzaliwa kwa kukadiria. Padri yule hakuwa mvivu wa kalamu. Alieleza hata nguo: mtoto alifungwa kitambaa cha madhabahu, kitani kilichodariziwa, cha zamani, kilichochakaa pembeni.

Custódia alisoma mstari ule mara tatu. Kitambaa cha madhabahu. Kumbe hata nyumba ya kapteni haikuwahi kuwa nacho. Kilitoka kanisani, na hapo hapakuwa na ubishi wala pa kukimbilia.

"Umeona kitu?" aliuliza Bwana Belarmino.

"Nyamaza kidogo."

Mwisho wa maandishi, kama ilivyokuwa desturi, palikuwa na jina la mlezi. Mtoto alikabidhiwa siku hiyohiyo kwa Jacinta Úrsula, miaka ishirini na miwili, hajaolewa, mfuaji wa vitambaa vya kanisa la Ribeira Funda, aliyefika kwa miguu kuomba mtoto wa kunyonyesha.

Custódia alikuwa amezaa wanne na kuwanyonyesha wote. Alijua maziwa hayaji kwa sala wala kwa nia njema. Mkono wake ulibaki juu ya ukurasa, na kwa mara ya kwanza tangu apande boti, jibu lake likaanza kumtoka mikononi.

"Niletee vitabu vya Ribeira Funda," alisema. "Ubatizo na mazishi, miaka miwili nyuma."

Alivichambua mchana kutwa, jina kwa jina. Hata vichanga walioishi saa moja na kubatizwa na mkunga jikoni walikuwa wameandikwa humo. Jacinta hakubatizisha mtoto. Jacinta hakuzika mtoto. Mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto hai wala mfu, alitembea saa nne kwenye baridi ya Februari na matiti yaliyojaa, akafika mlangoni saa chache baada ya kengele kulia.

"Padri ameandika yote haya," alisema Custódia, na sauti yake haikuwa ile ya dirisha la posta, "na hakuona?"

Bwana Belarmino alisoma, akavua miwani, akaifuta taratibu. "Aliona, Bi Custódia. Angekuwa hajaona, angeandika jina tu akaenda kunywa chai. Kama Jacinta angekiri kuwa ni mwanawe wa haramu, wasingemwacha aishi naye kwa amani. Lakini mtoto wa gurudumu aliruhusiwa kumlea mbele ya watu wote."

Custódia aliona aibu. Aliikumbuka fremu ile sebuleni, akakumbuka jiwe la kaburini ambalo mama yake mwenyewe alilichongesha: Perpétua kwa herufi kubwa, na chini, kwa herufi ndogo, Jacinta, mlezi.

Siku ya tatu alikuwa nyumbani. Leonilde alikuwa ameketi kwenye mito, nywele zimechanwa, amejiandaa kupokea ukoo wake.

"Umeleta?"

"Nimeleta. Kwanza niulize kitu. Jacinta alikuwa na mume?"

"Mume wa wapi? Mikono imebabuka kwa sabuni, nani angemchukua?"

"Alikuwa na mtoto kabla ya bibi Perpétua? Labda alikufa?"

"Hakuzaa yule. Kila mtu anajua. Unaniuliza habari za yaya za nini?"

"Kwa sababu alimnyonyesha siku ileile. Sasa mama, maziwa aliyatoa wapi?"

Leonilde alifungua mdomo kumkemea. Alikuwa amezaa saba. Akanyoosha mkono kuitaka karatasi. Custódia alimwekea nakala mapajani, akamsomea mstari kwa mstari, kitambaa cha madhabahu, mfuaji wa kanisa, kwa miguu, na hakupamba neno.

Nje ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi kukamuliwa.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema Leonilde. "Watoto walikuwa wamenicheka shuleni. Nikarudi nikamwambia Jacinta, wewe si bibi yangu, wewe ni yaya wa kulipwa. Alikuwa anakata mkate wa mahindi. Akanipa kipande cha ganda, nilikuwa napenda ganda. Akasema, sawa, kula."

"Hakusema kingine?"

"Sawa, kula. Basi." Alilia bila kujificha. "Angeweza kunizaba kofi, Custódia. Alikuwa na haki."

Custódia alimshika mkono.

"Pale kwake pana nafasi?" aliuliza Leonilde hatimaye.

"Ya mtu mmoja."

"Ni yangu. Na jiwe likachongwe upya. Herufi sawa kwa wote, na hilo neno mlezi litoke." Alijipangusa uso kwa shuka, akanyoosha kidole kuelekea sebuleni, na amri ikarudi sautini mwake. "Kile kitambaa kishushe. Nitafunikwa nacho."

"Sawa, mama."

"Kina vumbi la miaka. Kioshe kwanza. Kwa mkono, usinitilie kwenye mashine. Yule alikuwa fundi wa kufua, ataona."

Custódia alibandua kioo, akajaza beseni maji ya uvuguvugu, akakunja mikono ya sweta. Pembeni, pale padri alipoandika kwamba kimechakaa, palikuwa na tobo dogo lililoshonwa kwa uzi mweupe, mishono myembamba ya mtu aliyekaza macho. Akapapita kwa ncha za vidole, asije akapafumua.