Taa ya Fataki

Samaki wa Kasenyi, kule ziwani, walifika karakanani Honorine akiwa bado anapima kipokezi cha mji wa Fataki. Kipokezi chenyewe ni kadi ndogo, upana wa kiganja, inayokaa Bunia na kusikiliza mnara wa mbali. Data zinaingia moja nyuma ya nyingine, mbio kuliko maneno ya muuza mitumba. Ukitaka kujua kama kadi inasikia vizuri, huna haja ya kupanda mpaka Fataki. Unaiwekea bukle, njia fupi ambayo Honorine aliichora mwenyewe, inayochukua kile kadi inachotuma na kukirudisha kwenye sikio la kadi hiyo hiyo. Kikirudi vile vile kilivyotoka, kadi ni nzima.

Kilirudi vile vile. Kilirudi pia na harufu ya maharagi na jogoo wawili, ambao walishuka mezani wakatoka nje kwa mlango. Honorine aliridhika, maana hakuna data hata moja iliyopotea.

Alikuwa na haraka yake. Mnara wa Fataki ulianguka wakati wa mapigano, na mjomba wake Paul alibaki huko, yule mbishi aliyekataa kukimbia eti nani atalinda mizinga yake ya nyuki. Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia sauti yake. Timu ya kusimamisha mnara ilishapakia vyuma garini, ikingoja kadi hii tu.

Lakini samaki ni samaki. Katika karakana ile, fundi Aimé akitangaza kwamba wa Kasenyi wamefika, kila mtu anaacha kazi hapo hapo, maana wa mwisho anapewa vichwa. Honorine akachomeka kadi mahali pake, akakimbia, na bukle akaisahau ndani.

Ofisini taa ya Fataki, inayoonyesha kama mnara wa huko unasikika, ikawaka kijani. Habari ilifika kambini, kwa watu waliokimbia kutoka Fataki na sehemu nyingine za Djugu, hata kabla samaki hawajaiva. Wakaanza kupiga namba za simu walizoziacha chini ya magodoro siku ile ya mbio. Simu hizo zilikwisha chaji zamani, lakini nyumba zilipokea zenyewe. Kila nyumba iliongea kwa sauti ya yule aliyepiga, na hakuna aliyeshangaa. Nyumba uliyoijenga kwa mikono yako itaazima sauti ya nani? Mlango wa Priscille ulisema kufuli bado linashika. Choo cha muzee Augustin kilimwamkia kwa adabu zote. Régine, mama yake Honorine, alipiga jikoni kwake, na jiko likamweleza kwamba mti wa avoka umezaa mpaka matawi yamelalia bati. Mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Waimbaji wa kanisa wakaleta ngoma, na mabibi waliokuwa wakilalamikia magoti tangu Pasaka wakacheza kuliko wote.

Honorine aliporudi na mafuta ya samaki vidoleni, aliiona bukle. Alishikwa na aibu, kisha na hofu. Akaenda moja kwa moja kwa Gérard, mkuu wa kampuni, akamweleza kwamba Bunia inajisikia yenyewe, kwamba mnara bado umelala majanini, na kwamba timu lazima iende.

"Taa iko namna gani?" Gérard aliuliza.

"Kijani, Chef. Lakini ni bukle."

"Basi rezo iko, simu zinapita. Timu itaenda kutengeneza nini?"

Akampongeza kwa kazi nzuri. Kinshasa walikuwa wameshaambiwa, na gari la timu lilikuwa limepewa safari nyingine.

Honorine akaichomoa bukle. Taa ikabaki kijani. Akachomoa kadi nzima, akaiweka juu ya meza, na taa ikabaki kijani. Aimé alisema taa ikishakubaliwa Kinshasa haizimiki ovyo, akamsogezea kichwa cha samaki.

Jioni alimkuta mama yake kambini, jasho likimtoka kwa kucheza, simu mkononi.

"Mama, ile si Fataki. Ni siye tunajisikia."

"Sauti yangu naijua, mutoto yangu," alisema Régine. "Lakini habari ya avoka sikuwa nayo."

Honorine akamwomba basi aulize habari za mjomba. Régine akajifuta uso, akaileta simu karibu na mdomo.

"Paul iko wapi?"

Jiko, lililokuwa likipiga soga tangu mchana, sasa likasema tu, kwa sauti yake Régine: "Paul iko wapi?"

Akauliza tena, pole pole. Swali likarudi, pole pole vile vile.

"Umesikia?" Régine alimwambia binti yake. "Hata nyumba inamutafuta."

Akampa simu jirani aliyekuwa akingoja kusalimia mbuzi wake. Ngoma zikashika tena. Honorine alivutwa mkono aingie katikati, naye akacheza, akacheka, tena kwa moyo wote, kwa sababu ilikuwa furaha kweli. Wiki ile hakuna gari la kampuni lililopanda kwenda Fataki, wala wiki iliyofuata.