Bawabu Asiyepokea Amri

Siku ile nilikuwa nimepasuliwa ngiri, na tangu nizinduke sikuweza kukojoa. Sista Eufemia, muuguzi wa zamu, alinionya: "Mama Nsia, saa kumi nikikuta hujakojoa, nakuwekea mpira wa kutolea mkojo." Mwanamke wa miaka hamsini na minne, niliyeanza juzi tu kusoma sayansi darasa la jioni, niliuogopa mpira ule kuliko kisu. Nikaenda chooni, nikabana pumzi, nikaamuru kama tunavyokemea pepo kanisani: "Funguka kwa jina la Yesu!" Halikutoka hata tone. Nikarudi kitandani nikilia, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi nyekundu, yenye joto kama mkate uliotoka tanurini, kando ya ziwa lililojaa pomoni. Langoni pake aliketi Bawabu, jitu nene lisilo na masikio, na mwanamke aitwaye Pupa alikuwa akimtwanga ngumi za mgongo. "Fungua, we kiziwi! Mwenye nchi huyu hapa!" Kila ngumi ilipotua, Bawabu alizidi kulikumbatia komeo.

Bibi mmoja, jina lake Subira, akanishika mkono. "Mwanangu, huyu hapokei amri ya mtu. Ukilala, yeye analinda. Miaka yote hiyo hajakuaibisha, nawe hujamshukuru hata siku moja."

"Sasa nimwambieje, bibi?"

"Huna la kumwambia. Mtume Pumzi aende kwake. Usimsukume, mwache atoke polepole kuliko alivyoingia."

Nikashusha pumzi ndefu. Ikapita juu ya maji, ikamgusa Bawabu mabegani, na mabega yakashuka. Nikavuta nyingine, nikaiachia, na vidole vyake vikaanza kulegea kwenye komeo. Pupa akakaa chini, amechoka. Nikaitazama nchi ile yote, ikifanya kazi bila kuniuliza, nikajivuna kwamba ni yangu.

Nikaamka saa kumi kasorobo. Chooni sikukemea. Nilisema tu, "Asante, Baba," nikilivuta neno mpaka pumzi iishe. Mara ya nne nikausikia mkojo ukitiririka, nami nikaelewa kwamba Mungu ameweka ndani yangu mtumishi asiyetii kelele, lakini anayeijua amani akiiona.

Mlango ukagongwa. "Mama Nsia, mpira huu hapa!"

"Mpe mwingine, mwanangu," nikajibu kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Mimi nina kazi huku!"