Kabla Kijiko Hakijagusa Ardhi

Turubai lililomfunika farasi lilipanda na kushuka, kana kwamba aliyelala chini yake bado alikuwa na pumzi. Ulikuwa upepo wa kaskazini tu, ule unaokuja na joto la tanuri na kukausha macho ya watu wa Winchelsea kila kiangazi. Glenys Tarrant alilijua hilo. Hata hivyo alisimama dirishani, kikombe cha chai kimempoa mkononi, akalitazama turubai lile mpaka akachoka kujidanganya.

Tansy alikuwa amekufa alfajiri. Alikuwa farasi jike wa rangi ya asali, na ndiye kiumbe wa mwisho aliyefunzwa kwa mkono wa Des, mumewe. Mume alikwenda wakati wa baridi, farasi akamfuata wakati wa joto. Sasa Glenys alibaki na nyumba, na malisho, na maneno ya marehemu, ambayo bado yalitembea humo ndani zaidi yake mwenyewe.

Kabla ya kumchimbia kaburi alikuwa amepiga simu kwenye ofisi inayojua yaliyozikwa ardhini. Watu wa sehemu ile hawachimbi shimo la maana bila kuuliza kwanza kilichomo chini, kwa maana chini ya nyasi zao pana waya, pana maji, na katika malisho ya Tarrant palipita bomba kubwa la gesi liendalo mji wa Geelong. Sauti ya upande wa pili ilimsikiliza kwa upole, kisha ikamwambia kwamba bomba la aina hiyo halichimbiwi karibu mpaka wenye bomba watume mtu wa kuweka alama. Angekuja kesho asubuhi.

"Kesho!" alifoka Clive, shemeji yake, alipofika adhuhuri na katapila lake juu ya lori. Alikuwa mtu wa kifua kipana na masikio mekundu, na hakuwahi kusubiri kitu maishani isipokuwa mvua. "Shemeji, kwa joto hili? Kesho utamzika kwa ndoo na mwiko. Kunguru hao unawaona?"

"Nawaona."

"Na mbweha usiku watakuja na jamaa zao wote. Karamu."

"Wamesema tusubiri, Clive."

"Wamesema! Wao wamekaa ofisini kwenye kipupwe." Alinyoosha mkono kuelekea safu ya mikaratusi iliyokata malisho kutoka barabarani hadi mwisho wa shamba. "Bomba liko kule, linafuata miti. Des mwenyewe alinionyesha. Bango la gesi la kwanza pale barabarani, bango la pili kule mwisho, na kati yake mstari kama uzi wa fundi. Au kaka yangu alikuwa mwongo?"

Glenys aliitazama safu ile ya miti. Des hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja, na katika ndoa yao yote neno lake lilikuwa kama nguzo ya lango: walifungia malango yao yote hapo bila kuitazama. Mara ngapi alimwona akisimama kwenye bango la barabarani, jicho moja amelifumba, akiwaonyesha wageni njia ya bomba kwa kidole? Kubisha sasa kulikuwa kama kumfukua.

Kwa hiyo Clive akateremsha katapila. Alichagua mahali katikati ya malisho, mbali na miti, pale ambapo udongo haukuwa na mawe. Mtambo ukakohoa, ukanguruma, mkono wake wa chuma ukanyooka, na kijiko chenye meno kikashuka na kukwangua nyasi kwa mara ya kwanza. Udongo mweusi ukafunuka.

Glenys hakuweza baadaye kueleza kilichomtuma. Haikuwa hoja, maana hoja zote zilikuwa za Clive. Ni kwamba alipoona ile ardhi iliyofunuka, nyeusi na yenye unyevu katikati ya nyasi zilizokauka, moyo wake ulimshuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Akatembea mpaka chini ya kijiko, akakaa kitako juu ya ule mkwaruzo, gauni lake likajaa vumbi.

Injini ikazimwa ghafla.

"Umepagawa?" Clive alichungulia kutoka kwenye kiti, uso umempauka. "Ningekuponda! Toka hapo!"

"Sitoki."

"Unambishia Des?"

"Simbishii mtu. Nimekaa tu."

Kisha Clive akashuka, akaliacha katapila mdomo wazi juu ya kichwa cha shemejiye, akaenda kwenye lori lake akitukana nzi, joto na ukaidi wa wanawake wa ukoo wa Glenys, mmoja mmoja kwa jina. Glenys alikaa palepale hadi vumbi la lori lilipotulia barabarani. Aliona aibu, kama mke aliyempekua mumewe mifuko naye amelala.

Asubuhi harufu ilikuwa imefika jikoni. Mtu wa alama aliwasili kwa pikapu nyeupe: Josie Camenzuli, mwanamke mfupi wa makamo, kofia pana na buti za kazi. Alipeana mkono, akatazama turubai na kuinua kofia kidogo.

"Pole, mama. Alikuwa mzuri?"

"Alikuwa mkorofi," Glenys alisema. "Mzuri sana."

Clive naye alikuwa amerudi, ameegemea katapila lake. "Anza kule kwenye miti, dada," alisema. "Usijichoshe."

"Ahsante, kaka. Nitaanza pale kifaa changu kinapotaka."

Alianzia kwenye bango la barabarani, fimbo ya kifaa chake ikining'inia karibu na ardhi na kulia kwa mlio mwembamba. Alichomeka kibendera cha manjano, akaenda mbele, akachomeka kingine. Vibendera vya kwanza vilifuata miti kama Des alivyosema, na Clive akaguna kwa kuridhika. Kisha Josie akasimama. Alirudi nyuma, akasogea kushoto, akapinda. Mlio ukaiacha miti na kumwita huku, katikati ya malisho. Kibendera baada ya kibendera kikatoka kivulini na kuwajia pale waliposimama, polepole, kama mnyama anayenusa.

Kimoja kilichomekwa ndani ya mkwaruzo wa kijiko.

Josie akachukua koleo, akachimba kwa mkono, taratibu, akifuta udongo kwa kiganja kama anayemfunua mtoto uso. Alipofika kina cha kiuno chake ukaonekana mgongo wa bomba, mnene, kimya, umevikwa ganda jeusi.

"Pale kwenye miti pana mwamba," alisema, akijipangusa shingo. "Walioweka bomba waliukwepa. Huwa wanafanya hivyo. Mabango husema tu kwamba lipo karibu, hayasemi liko wapi. Wengi hupiga mstari kutoka bango hadi bango, na wengi hubahatika."

Clive alikuwa ametoa sigara. Aliitazama kana kwamba hakujua ilifikaje mkononi mwake, akairudisha kwenye pakiti. Kaburi la farasi huchimbwa kupita kimo cha mtu. Aliketi juu ya mnyororo wa katapila na kuinamisha kichwa.

"Alinionyesha mwenyewe, Glenys," alisema kwa sauti ndogo. "Alifumba jicho moja."

"Najua."

Watoto wao walikuwa wamepiga mahema hapa. Des alikuwa amewasha mioto mikubwa hapa, kila mwisho wa mavuno, akicheka. Glenys alimsikia mumewe akicheka, na kwa mara ya kwanza kicheko kile kilimtia baridi.

Josie aliwaonyesha mahali salama ng'ambo ya bwawa. Alipokuwa akipakia vifaa vyake, Glenys aliufuata mstari wa manjano kwa macho mpaka pale ulipofikia uzio wa jirani, hatua nyingi kando ya bango la pili.

"Na hapo linakwenda wapi?"

"Linaendelea." Josie alifunga mlango wa pikapu. "Ila mimi nilichoombwa kinaishia kwenye uzio wako. Ng'ambo hakuna aliyetuuliza."

Pikapu iliondoka. Clive alikuwa ameanza kuchimba ng'ambo ya bwawa, kwa adabu isiyo yake. Kila alipozima injini kupima kina, Glenys alisikia injini nyingine. Ilitoka ng'ambo ya uzio, nyembamba, yenye kujikaza, kama nyigu ndani ya chupa.

Alipenya kati ya nyaya, sketi ikachanika.

Bruno Zanella alikuwa akitoboa mashimo ya nguzo za mizabibu yake mipya kwa mashine ya parafujo iliyofungwa nyuma ya trekta. Vikinga masikio vilimfunika kichwa. Alimwona Glenys akimjia mbio, mwanamke wa umri ule, mikono juu, akadhani anasalimiwa. Akampungia kwa furaha.

Glenys alipofika alimshika Bruno mkono kwa nguvu. Bruno akazima mashine, akateremsha vikinga shingoni.

"Nimesikia habari za Tansy, mama. Pole sana. Ngoja tu nimalize hili, limenikera. Parafujo imegonga jiwe. Naipandisha kidogo, halafu naishusha kwa nguvu."

Glenys aligeuka. Nyuma yake, kupitia nyaya za uzio, vibendera vilikuja moja kwa moja kuelekea walipo, vikitikisika kwa upepo.

"Usiipandishe," alisema. "Usiishushe. Iache kama ilivyo. Kuna bomba."

"Bomba? Ah, usijali kabisa! Liko kule kwenye miti. Des alinionyesha zamani, tulisimama naye hapo hapo barabarani."

Glenys alihisi kwamba neno lililobaki, akilisema, halitarudishika tena, na kwamba mahali fulani lango lingefunguka na kubaki likipigapiga.

"Des alikosea, Bruno."

Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. Bruno alianza kucheka. Akautazama uso wake, akatazama vibendera, akatazama chuma kilichozama ardhini mbele ya buti zake. Akavivua vikinga shingoni na kuviweka juu ya nyasi, polepole, visitoe sauti. Kisha, Glenys alipogeuka kurudi kwenye uzio, akaanza kumfuata bila kuuliza, akikanyaga pale tu alipokanyaga yeye.